Nukta kwenye Bati: Kuchagua Mashine ya Kuchomelea kwa Mafundi wa Kilosa na Mikumi



Mkitoka hapa, mwombeni mwenye gari dogo lolote awafungulie mlango. Vuteni kidogo ule mpira uliozunguka fremu. Chini yake mtaona alama za mviringo zilizobonyea, zimepangwa mstari, kila moja ina upana wa milimita tano hivi. Hizo ndizo nukta nilizokuja kuzizungumzia. Bodi ya gari dogo la kawaida huwa na nukta kati ya 3,000 na 5,000, na hakuna kijiti cha kuchomelea, lehemu wala ribiti iliyotumika kuzipata. Mabati mawili yamebanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkubwa umepita kwa kitambo kifupi, na chuma kimeyeyuka katikati na kuungana. Mafundi bati wa pembeni mwa barabara kuu hapa Mikumi, wanaonyoosha milango na mabodi ya magari yaendayo Iringa, Mbeya na Tunduma, wanazifahamu vizuri, kwa sababu wao ndio wanaozitoboa wanapotaka kubandua bati lililopondeka.

Nimeombwa niseme fundi anunue mashine gani ya kazi hii. Nitalijibu swali hilo, lakini si kwa kutaja jina la kampuni. Msimamo wangu ni kwamba mashine ya nukta haichaguliwi dukani. Inachaguliwa kwenye karakana yako, penye soketi yako na bati lako, kabla hujapanda basi kwenda Dar es Salaam. Fundi anayeanzia dukani atauziwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine, na namba hiyo haitamsaidia akishafika nyumbani.

Kazi hii, kwa bahati, ilizaliwa katika mhadhara. Mwaka 1877 Elihu Thomson, mwalimu kijana mzaliwa wa Manchester, Uingereza, aliyekulia Marekani, alikuwa akifundisha mambo ya umeme katika Franklin Institute mjini Philadelphia. Katika jaribio mojawapo aliupitisha kwenye koili umeme uliohifadhiwa katika mitungi ya Leyden, ambayo ndiyo mababu wa kapasita za leo. Ncha za waya mnene zilizokuwa zimegusana zikashikana. Wengine wangezivuta tu waendelee na somo. Yeye aliliweka jambo hilo moyoni, na mwaka 1886 akapata hataza ya kuunga metali kwa umeme. Ikumbukeni hiyo mitungi, kwa maana nitairudia.

Sasa tuingie ndani ya nukta yenyewe. Joto linalopatikana linategemea mambo matatu: mkondo, ukinzani na muda. Mkondo unahesabiwa mara mbili, yaani unazidishwa kwa wenyewe. Ukiongeza mkondo maradufu, joto linakuwa mara nne. Ukipungua kidogo tu, joto linaanguka sana. Shaba inapitisha umeme kwa urahisi kwa hiyo haipati moto mwingi, lakini pale bati linapogusana na bati mwenzake ukinzani ni mkubwa, na ndipo chuma kinapofika kwenye nyuzi 1,500 hivi na kuyeyuka. Kiini kinachoganda hapo ndicho kiungo chenu.

Kwa bati la chuma la kawaida la milimita 0.8, lile mnaloliita geji 22, majedwali ya kazi hii yanataka mkondo wa ampea 8,000, msukumo wa ncha wa karibu kilo 180, na muda wa sehemu 13 hadi 15 za mia ya sekunde. Bati la milimita 0.5, geji 26, linataka ampea 6,500 na kilo 135 hivi, kwa muda mfupi zaidi. Bati la milimita moja, geji 20, linapanda hadi ampea 9,500 na zaidi ya kilo 220. Msishtuke na maelfu ya ampea: volti zake kwenye ncha ni chache mno, mbili au tatu, haziwezi kumdhuru mtu anayezigusa. Hatari ya umeme iko upande wa pili wa transfoma, kwenye waya unaotoka ukutani.

Huo waya unaotoka ukutani ndio nitakaoukalia muda mrefu zaidi leo.

Watu wa wilaya hii ya Kilosa tunaishi jirani na umeme. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kufua umeme mwaka 1975 na yenye uwezo wa megawati 204, haiko mbali na hapa, na nyaya zake za msongo mkubwa zinapita kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Siku hizi kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Fundi wa Ulaya (nasemea kata yetu ya Ulaya, si ile ya wazungu) anaweza kudhani kwamba tatizo la nguvu limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu mashine ya nukta haiulizi bwawa lina megawati ngapi. Inauliza waya wa mwisho kutoka transfoma ya kijiji hadi karakana yako una urefu gani, una unene gani, na nani mwingine ameshikilia waya huohuo. Waya mrefu ni sawa na bomba jembamba la maji: ndoo moja inajaa vizuri, ila ukifungua koki zote kwa pamoja, zote zinachuruzika.

Katika vijiji vingi vilivyofikiwa na miradi ya umeme vijijini ya REA, na hata mitaa mingi ya miji yetu hii miwili, karakana imeunganishwa kwa njia moja, volti 230. Ikiwa kikata umeme chako kikuu ni cha ampea 60, uwezo wote ulionao ni 230 mara 60, yaani kVA 13.8, na hapo taa, grainda na friji ya soda vimo ndani. Hiyo ndiyo dari yako. Mashine inayovuta kVA 20 wakati wa kuchoma itakuangushia kikata umeme, au itachoma nukta dhaifu huku balbu za jirani zikififia na jirani akijiandaa kuja kukusalimia.

Kuna kipimo ninachoomba kila fundi akifanye kabla ya kununua chochote. Kinahitaji kipima umeme cha kawaida cha mkononi na mabirika mawili ya umeme ya kilowati 2 kila moja. Pima volti kwenye soketi pasipo mzigo. Tuseme unapata 232. Washa mabirika yote mawili, yanayovuta jumla ya ampea 17 na kidogo, kisha pima tena palepale. Tuseme sasa unapata 222. Volti 10 zimepotea kwa ampea 17. Basi ampea 60 zitapoteza, kwa makadirio, volti 35, na mashine yako itabaki na 197. Hiyo ni pungufu ya asilimia 15. Mkondo kwenye ncha nao utapungua asilimia 15, na kwa kuwa mkondo unahesabiwa mara mbili, joto litabaki asilimia 72. Mashine iliyochoma vizuri mbele ya macho yako kule dukani itabandika bati hapa bila kuliyeyusha. Utailaumu mashine, na mashine haina kosa. Pimeni mchana, kisha pimeni tena saa moja jioni, watu wanapopika na kuwasha televisheni. Tofauti mtakayoiona huenda ikawafanya mhamishie kazi ya nukta asubuhi.

Jambo moja la kufurahisha ni kwamba nukta hazili uniti. Mashine ikivuta kVA 13 kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, imetumia kilojuli 2.6 tu, na uniti moja ya LUKU ni kilojuli 3,600. Kwa uniti moja unapata zaidi ya nukta elfu moja. Linganisheni na ribiti elfu moja, na matundu elfu moja ya kutoboa kwa drili, na biti zitakazovunjika. Gharama ya mashine hii iko kwenye ule mnyakuo wa ghafla, na kwenye waya unaopaswa kuustahimili. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumieni kwenye waya: mstari wa peke yake kutoka kwenye mita hadi kwenye mashine, mnene, mfupi, usioungwaungwa, wenye kikata umeme chake na waya wa ardhini uliozikwa kweli. Mashine isiwe mwisho wa kamba ndefu ya soketi.

Anayeweza kupata njia tatu aombe TANESCO wakamfanyie tathmini. Mashine nyingi za kukanyaga kwa mguu zinatumia volti 400 kati ya njia mbili katika hizo tatu, na mzigo wa kVA 16 unaovuta ampea 70 kwenye volti 230 unavuta ampea 40 tu kwenye volti 400. Waya uleule unapoteza volti chache zaidi. Mafundi watano au sita walio mtaa mmoja wanaweza kuomba njia tatu kwenye banda moja na kuweka mashine moja nzuri ya pamoja, kila mmoja akaleta bati lake limeshakunjwa. Najua maneno ya ushirika yamewachosha watu, lakini mashine inayochoma kwa sekunde chache kwa siku haina sababu ya kuwa na mwenyewe mmoja.

Na aliye mbali na vyote hivyo? Hapa ndipo mitungi ya Leyden inaporudi. Zipo mashine zinazochaji kapasita polepole kwa ampea chache, kisha zinautoa umeme wote kwa mpigo wa sehemu chache za elfu ya sekunde. Hazimuumizi jirani, na jenereta ndogo inaziweza, ilhali jenereta ya kVA 5 haiwezi kabisa kuendesha koleo la kawaida la nukta. Zinafaa bati jembamba, nusu milimita na kushuka, na vile vibamba vya nikeli vinavyounga betri. Mafundi simu wanazijua zile ndogo za betri, ila wasidhani kwamba hizo zitaunga bati la tranka. Za kuunga bati ni ghali, na bati likinenepa zinashindwa.

Sasa msukumo, ambao wauzaji hawausemi kwa sababu hauandikwi kwa herufi kubwa. Ncha zisipobana vya kutosha, mabati yanagusana kwa vijisehemu vidogo, moto unalipuka juu juu, cheche zinaruka na tundu linabaki. Vijana huzifurahia cheche wakidhani ni dalili ya nguvu. Cheche ni chuma cha nukta yako kinachokimbia.

Koleo la mkononi la njia moja hutoa msukumo wa kilo 120 hivi likiwa na mikono mifupi, ya sentimita 12. Hiyo iko chini ya kilo 180 nilizotaja kwa geji 22, kwa hiyo nukta yake itakuwa ndogo kuliko ile ya jedwali, ingawa kwa kazi nyingi za nyumbani inatosha. Shida inaanza pale fundi anapotaka kufika katikati ya sanduku na kununua mikono ya sentimita 50. Ni kanuni ya wenzo: mkono ukirefuka mara nne, msukumo unabaki robo. Tena mikono mirefu inaukinza mkondo, na bati linaloingia katikati ya mikono hiyo linaukinza zaidi. Kwa hiyo usinunue mashine kwa urefu wa mikono. Badilisha mpangilio wa kazi: unga pande kabla ya kufunga sanduku, acha ukingo wa kukunja upande wa nje, ili mikono mifupi ifike. Kiasi cha milimita 12 za kupandanisha bati juu ya bati kinatosha kwa geji 22. Na msizibananishe nukta. Zikikaribiana chini ya milimita 13 hivi, umeme unapita kwenye nukta ya zamani badala ya kuchoma mpya.

Mashine ya kukanyaga kwa mguu inabana vizuri zaidi na inaacha mikono yote miwili huru kushika bati. Ukiwa na umeme wa kuilisha, hiyo ndiyo ningeichagua kwa anayetengeneza vitu vingi vya aina moja. Koleo ni la fundi anayeifuata kazi ilipo, kama fundi bati wa magari.

Iwe ya mguu au ya mkono, isiyo na saa ya kupima muda wa umeme msiinunue. Mguu wa binadamu hauwezi kukanyaga kwa sehemu 13 za mia ya sekunde na kurudia hivyo mara sitini. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mashine nzuri inahesabu kwa mizunguko: saba, nane, kumi. Muulizeni muuzaji mahali pa kuirekebisha ni wapi. Akionyesha swichi tu, basi.

Tusome na kile kibao. Utakuta koleo limeandikwa kVA 2.5 mahali pamoja na kVA 13 mahali pengine, na wengine wanadhani kampuni imekosea. Haikukosea. Ile ndogo ni kwa hesabu ya mashine inayochoma nusu ya muda wote. Ile kubwa ni ya kilele, wakati wa nukta. Gawa 2.5 kwa 13, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 50. Unapata chini ya asilimia 2. Maana yake ni kwamba kwa kilele hicho mashine inaruhusiwa kuchoma chini ya asilimia 2 ya muda, na nukta ya sehemu mbili za kumi za sekunde inadai mapumziko ya karibu sekunde 11. Ni nukta tano au sita kwa dakika. Tranka la nukta 60 litakuchukua dakika 11 za kuchoma tu. Kwa anayetengeneza matranka mawili kwa siku, si neno. Kwa anayepokea oda za Januari, watoto wa kidato cha kwanza wanapokwenda bweni, na tena za Julai kwa kidato cha tano, koleo hilo litaungua kabla oda haijaisha. Huyo anahitaji ya mguu.

Tahadharini na mashine zilizotumika. Nyingine zimetoka Japani, ambako viwanda hutumia volti 200 za njia tatu, na upande wa magharibi wa nchi ile umeme una mizunguko 60. Transfoma ya mizunguko 60 ikilishwa mizunguko 50 kwa volti zilezile inajaa sumaku kupita kiasi, inaunguruma na kuchemka. Kusoma volti peke yake hakutoshi. Someni na herufi Hz.

Nimeulizwa kuhusu kutengeneza mashine kwa transfoma ya mikrowevu iliyokufa. Inawezekana, na itaunga nusu milimita kwa shida, kwa sababu inatoa ampea mia kadhaa au elfu moja hivi tu. Lakini transfoma hiyo kabla ya kukatwa koili yake hutoa volti 2,000 au zaidi, na kapasita yake huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Imekwisha kuua watu sehemu nyingi duniani. Mwanafunzi asiifungue peke yake nyumbani. Afanye hivyo mbele ya mwalimu wake wa umeme, kule chuo cha ufundi cha VETA au kwingine.

Sasa bati lenyewe. Kazi zetu nyingi ni za bati lenye zinki, na zinki ina tabia mbaya. Inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, kabla chuma hakijaanza hata kulainika sawasawa. Inakaa katikati ya mabati na kuusambaza mkondo, kwa hiyo utahitaji kuongeza mkondo kwa robo au zaidi, na muda kidogo. Kisha inashikamana na ncha zako za shaba na kuzigeuza rangi ya manjano, kwa sababu shaba na zinki vikichanganyika vinakuwa shaba ya manjano. Ncha inalainika na kupanuka. Ncha ya geji 22 inapaswa kuwa na uso wa milimita 4.5, ikipanuka hadi 6, eneo lake limeongezeka kwa karibu asilimia 80, na mkondo uleule sasa umetawanyika. Fundi anadhani umeme umepungua. Achukue tupa, arudishe umbo la ncha, na nukta zitarudi. Ncha za akiba ziwe za shaba iliyochanganywa kromu. Shaba ya kukata kutoka kwenye waya ni laini mno, haitamaliza asubuhi.

Moshi mweupe wa zinki unaleta homa ya usiku, baridi na maumivu ya viungo. Wengi wanaamini maziwa yanaiondoa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini moshi umeingia kwenye mapafu, haukuingia tumboni. Fanyieni kazi uwazini, upepo ukitokea mgongoni mwenu. Miwani ivaliwe, pete na saa za chuma zivuliwe.

Mashine kubwa zina maji yanayopita ndani ya mikono kupoza ncha. Pipa la lita 200, pampu ndogo na maji safi vinatosha. Maji ya tope la masika yataziba njia. Na kwa wenzetu wa Kilosa mjini, ambao wanakumbuka mto Mkondoa ulivyofanya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulipoingia mitaani na kusomba reli, transfoma ikae juu ya jukwaa la zege.

Chuma kisichoshika kutu, kinachotumika kwenye makabati ya chipsi na meza za migahawa ya stendi, kinapendeza zaidi kuliko zinki. Kinaukinza umeme zaidi, kwa hiyo kinataka mkondo mdogo, ingawa kinadai msukumo mkubwa. Katika Philadelphia hiyohiyo ya Thomson, kiwanda cha Budd kilijenga kwa chuma hicho na kwa nukta treni nzima, Pioneer Zephyr, iliyoanza safari mwaka 1934. Alumini iacheni: inataka mkondo mara mbili au tatu, na karakana zetu hazina.

Kuna kazi moja ambayo watu wataniuliza, nami nasema hapana. Ni kihenge cha bati cha kuhifadhi mahindi. Wilaya hii inalima mahindi na mpunga, na tangu mdudu dumuzi alipogunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapewa jina la Scania, mkulima anahitaji chombo kisichopitisha hewa. Ndani ya kihenge kilichofungwa vizuri wadudu wanaimaliza hewa na kufa. Nukta haizibi. Kati ya nukta na nukta kuna mwanya, na mwanya wa unene wa unyoya unatosha kumpa dumuzi pumzi. Kihenge kikunjwe mshono na kuzibwa kwa lehemu, kama mafundi wa kihenge wanavyofundishwa. Vivyo hivyo mifereji ya maji ya mvua. Nukta zinaweza kushikilia bati mahali pake wakati unaziba, lakini si zaidi. Jiko la mkaa je? Nukta zinafaa sana kwa miguu na vishikio vya ganda la nje, mradi bati halina zinki mahali panapopata moto. Na kwa wilaya ambayo vijiji vyake vilishiriki katika uvunaji endelevu wa mkaa wa misitu ya vijiji, ingekuwa aibu majiko yanayobana mkaa yaendelee kununuliwa kutoka nje ya wilaya.

Nadhani sasa mnaona nani anapaswa kununua nini. Fundi bati wa magari kando ya barabara, mwenye njia moja na waya mzuri: koleo la mkononi lenye saa, mikono mifupi. Mtengeneza matranka na makabati mwenye njia tatu: ya mguu, kVA 16 na kwenda juu, yenye maji. Fundi wa vitu vidogo mwisho wa laini: ya kapasita, au asubiri. Na yule ambaye kipimo cha mabirika kimempotezea volti 20, asinunue mashine yoyote mwaka huu. Anunue waya, na kwa sasa akunje mshono na kupiga ribiti kama mafundi wa jua kali wa Kamukunji kule Nairobi.

Siku ya kwenda Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, kununua, usiende mikono mitupu. Beba vipande ishirini na zaidi vya bati lako mwenyewe, la geji unayotumia na la zinki kama unatumia zinki, kila kimoja upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja. Beba tindo na nyundo. Muombe muuzaji achome mbele yako, mipangilio ikiwa ileile, jozi kumi mfululizo bila kugusa ncha kwa tupa. Kisha bana kipande kimoja kwenye jiliwa, vuta cha pili kwa koleo ukikibandua kama ngozi. Nukta nzuri haiachii. Inang'oa kitufe cha chuma kutoka kwenye bati la pili na kuacha tundu. Pima kitufe: kwa geji 22 kisipungue milimita 3.5. Angalia ya kwanza, ya tano na ya kumi, kwa sababu mashine dhaifu huanza vizuri na kuchoka. Kumbuka pia kwamba pale mjini umeme wake ni bora kuliko wako, hivyo mwombe apunguze mkondo kwa moja ya sita na achome jozi nyingine. Vitufe vikitoka, anzeni kuzungumza bei. Mabati yakiachana bila tundu, mshukuru kwa muda wake, kusanya vipande vyako, na basi la jioni la kurudi Mikumi bado utalikuta.